Unaumwa Wapi? Utatuzi wa Matatizo kwa Anayeshinda kwenye Kompyuta Mpakato

Kompyuta mpakato imezaliwa na kasoro moja: kioo na kibodi vimeungwa kwa bawaba. Ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri, kioo nacho kinashuka na shingo inainama. Ukiinyanyua ili shingo inyooke, mabega yanapanda na mikono inaning'inia hewani. Hakuna urefu wa meza unaoridhisha shingo na mikono kwa pamoja. Mashine hii iliundwa ibebwe na itumiwe kwa vipindi vifupi, lakini kwa wengi wetu sasa ndiyo ofisi nzima. Mwanafunzi anaandikia tasnifu, mhasibu anafungia hesabu za mwezi, kijana wa kazi za mtandaoni anakesha nayo.

Hapa chini nimeanza na dalili. Tafuta panapokusumbua, soma sababu kwa mpangilio nilioziweka, kisha jaribu dawa moja kwa siku mbili tatu kabla ya kwenda kwenye nyingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia. Na niseme mapema: matatizo ya mkao mengi yanatibika kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, kama vitabu, khanga na boksi. Ya umeme na betri hayataki ubunifu wa nyumbani hata kidogo.

Shingo inakaza, mabega yanauma, kichwa kinagonga kisogoni

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa wima, mifupa ya uti wa mgongo ndiyo inayokibeba. Kikisogea mbele, kazi inahamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo, na kadiri unavyozidi kuinama ndivyo mzigo unavyoongezeka. Misuli hiyo hailalamiki asubuhi. Inakaza kidogo kidogo, na jioni unajikuta unasugua shingo na kutafuta dawa ya maumivu.

Jipime hivi. Kaa kama unavyokaa siku zote, fumba macho, nyoosha shingo mpaka usikie kichwa kimetulia, kisha fumbua. Pale macho yanapotua ndipo ukingo wa juu wa kioo unapotakiwa kuwa, au chini yake kidogo. Wengi wakifumbua wanajikuta wanatazama ukuta, kioo kiko chini kabisa.

Dawa ni kuinua mashine. Rimu moja ya karatasi za A4 za kawaida ina unene wa karibu sentimita 5, kwa hiyo rimu mbili au tatu zinawatosha watu wengi. Vitabu vinene vinafanya kazi hiyo hiyo, mradi visifunike matundu ya hewa yaliyo chini ya mashine. Lakini ukishainua, ni lazima utumie kibodi ya nje na kipanya. Ukiendelea kuchapa kwenye kibodi ya juu ya rimu, umehamisha maumivu kutoka shingoni kwenda mabegani, basi. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua kibodi ya waya ya USB, hata iwe iliyotumika. Usianze na kiti cha bei kubwa wala stendi ya kung'aa. Kibodi ndiyo inayoivunja ile bawaba.

Huna kibodi ya nje? Gawa kazi. Unaposoma au uko kwenye mkutano wa video, inua mashine juu. Unapochapa, ishushe, laza kioo nyuma zaidi, na usogee nyuma kidogo ili shingo isiiname sana.

Kuna maumivu ya shingo ya upande mmoja, na hayo yana sababu zake. Angalia kama kioo kimekaa pembeni badala ya mbele yako. Angalia kama unabana simu kati ya sikio na bega huku unachapa. Angalia begi: mashine, chaja na madaftari vinaweza kufika kilo 3 au 4, vyote kwenye bega lile lile kila siku, na kwenye daladala au matatu umesimama nalo. Anayenakili kutoka kwenye risiti au fomu zilizolala kushoto kwake anageuza shingo mara nyingi kuliko anavyodhani. Simamisha karatasi hizo kati ya kibodi na kioo, ziegemee zile rimu.

Na mwenye miwani ya lenzi mbili, ile ya kuonea mbali juu na karibu chini, asifuate kanuni ya kuinua kioo bila kufikiri. Yeye anatazama kwa sehemu ya chini ya lenzi, kwa hiyo kioo kikiwa juu atainua kidevu kutwa nzima na kubana shingo kwa nyuma. Kioo chake kishuke, au apimwe miwani ya umbali wa kompyuta.

Vidole vinakufa ganzi

Swali la kwanza ni vidole gani, kwa sababu jibu linataja mahali neva inapobanwa.

Kama ni dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, inayobanwa ni neva ya kati, inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono. Dalili yake kubwa ni kuamshwa usiku na ganzi, unakung'uta mkono mpaka hisia zirudi. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa kwa urahisi zaidi.

Kama ni kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete, ni neva ile inayopita nyuma ya kiwiko, ile ambayo ukijigonga unasikia kama shoti mpaka mkononi. Hapo sababu huwa ni kuegemeza kiwiko kwenye meza ngumu au kukikunja kwa muda mrefu, kwa mfano ukiwa umeshika simu sikioni.

Nenda kwenye stesheneri yoyote utaona mfano. Binti wa kaunta kasimama, mashine iko juu ya shelfu ya kioo inayomfika karibu kifuani. Ili afikie herufi anakunja viganja kwa juu, na ukingo mkali wa shelfu unamkandamiza sentimita chache chini ya kifundo. Wateja wamepanga foleni na fomu zao, anachapa bila kupumzika. Jioni akishika kikombe cha chai hakihisi vizuri. Hakuna dawa ya kupaka itakayomaliza hali hiyo kama shelfu inabaki palepale. Apate kiti kirefu kinachomwinua mpaka viwiko vilingane na kibodi, au mashine ishushwe kwenye meza ya pembeni.

Kanuni yenyewe ni hii: viwiko karibu na mbavu, vimekunjwa kwa pembe mraba au zaidi kidogo, na mgongo wa kiganja unyooke na mkono, usikunjwe juu wala kupinda pembeni. Kibodi nyingi za nje zina vijiguu viwili nyuma. Watu huvifungua wakidhani ni vya kuwarahisishia, kumbe vinainua nyuma ya kibodi na kukunja kifundo. Vifunge. Ukingo wa mashine ukikuchoma, weka taulo jembamba lililokunjwa, lakini ni la kupumzishia mkono ukisita kuandika. Unapochapa, mkono uelee.

Maumivu ya chini ya dole gumba, upande wa kifundo, mara nyingi yanatoka kwenye tachipadi na simu kwa pamoja. Chukua kipanya, kiweke karibu na kibodi usinyooshe mkono kukifuata, na jifunze njia za mkato: Ctrl na C, Ctrl na V, Alt na Tab. Safari za kidole zinapungua sana.

Ganzi ikianzia shingoni na kushuka mkono mzima, hilo halitibiwi kwa kupanga meza peke yake. Nenda hospitali.

Macho yanawasha, yanakauka, maandishi yanacheza

Tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho lisilopepeswa linakauka. Huku pwani tunaongeza tatizo kwa mikono yetu: feni ya mezani inapuliza usoni kwa saa nane, au kiyoyozi kiko juu ya kichwa. Kabla ya kununua dawa ya matone, geuza feni ipulize mashine na miguu, isipulize macho. Kwa watu wengi hapo ndipo nusu ya tatizo inapoishia.

Kisha umbali. Nyoosha mkono, ncha za vidole ziguse kioo au zikikaribie. Ukijikuta unasogeza uso mbele ili usome, tatizo ni ukubwa wa herufi. Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha kwenye kivinjari, au ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya mashine nzima. Aliyevuka miaka 40 na ameanza kusoma gazeti akiwa amelinyoosha mbali anahitaji kupimwa macho, si kuvumilia.

Mwanga: kaa dirisha likiwa ubavuni. Likiwa mbele linakuchoma, likiwa nyuma linang'aa kwenye kioo. Ili kujua kama mwangaza wa kioo uko sawa, weka karatasi nyeupe kando yake. Kioo kikionekana kama taa, punguza. Kikionekana kijivu, ongeza. Umeme unapokatika watu huendelea kufanya kazi kwenye chumba cha giza, kioo peke yake kikiwaka. Washa taa ya sola au ya chaji, uielekeze ukutani nyuma ya mashine.

Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20. Ukiwa dirishani, mti wa jirani unatosha. Ama miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa kila kona, mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, taasisi inayochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Fedha hiyo ipelekwe kwenye kipimo cha macho.

Kiuno kinauma, miguu inajaa

Meza ya chakula ina urefu wa karibu sentimita 75, na kwa wengi huo ni mrefu kwa kuchapia. Kwa hiyo inua kiti kwa mto mgumu mpaka viwiko vifike. Miguu sasa itaning'inia, na miguu inayoning'inia inavuta kiuno. Weka kreti ya soda iliyofunikwa kwa ubao chini ya meza, au boksi lililojazwa magazeti. Khanga au taulo likivingirishwa na kuwekwa kwenye lile bonde la kiuno, kiti cha plastiki kinakaa vingine kabisa. Kaa mpaka nyuma ya kiti. Kukaa ukingoni kunaifanya khanga isiwe na maana.

Hakikisha vidole viwili au vitatu vinapita kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Visipopita, kiti kinakubana mishipa, na ndiyo sababu jioni soksi zinaacha alama. Simama kila nusu saa. Chota maji, pokea simu ukitembea.

Kitandani ndiko kubaya kuliko kote, na najua hosteli nyingi hazina meza ya kutosha kila mtu. Ukilazimika, egemea ukuta, mto kiunoni, mwingine chini ya magoti, mashine juu ya ubao, na usizidishe muda wa kipindi kimoja.

Mguu mmoja peke yake ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

Mapaja yana madoa kama wavu

Joto lisilofika kuunguza, likirudia mahali pamoja kwa wiki na miezi, linaacha kwenye ngozi michoro ya kahawia kama wavu. Walioketi karibu na moto wa jikoni kwa miaka wamekuwa nayo tangu zamani. Acha kupakata mashine moja kwa moja na madoa mengi hufifia yenyewe, ingawa polepole. Kwa wanaume kuna sababu ya ziada: mbegu za kiume hazipendi joto.

Tumia ubao. Mto unaziba matundu ya hewa na mashine inachemka zaidi. Watengenezaji wengi hutaja nyuzi joto 35 kuwa ukomo wa hewa ya chumba, na chumba cha bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kinaweza kufika hapo bila shida.

Ukigusa mashine inakutekenya au inakupiga shoti

Unapitisha kidole juu ya mfuniko wa chuma na kuhisi mtetemo, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Chomoa chaja. Mtetemo ukiisha, chanzo ni umeme unaopita kwenye chaja.

Kama chaja yako ina pini mbili tu, kuna mkondo mdogo sana unaovuja kwa sababu ya vichujio vilivyo ndani yake. Chaja ikiwa halali, mkondo huo unakera lakini hauna hatari.

Kama ni ya pini tatu na bado inatekenya, mara nyingi maana yake ethi, yaani waya wa ardhi, haifanyi kazi mahali fulani. Anza na ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu lakini ndani zina nyaya mbili. Chomeka moja kwa moja ukutani. Ikitulia, tupa ekstensheni. Isipotulia, huenda soketi ya ukutani haina ethi au ethi ya nyumba imekatika, na huo ni mzigo wa fundi umeme mwenye leseni, kwa sababu jokofu na pasi vya nyumba hiyo navyo havina kinga. Kuvaa ndala kunaficha dalili, hakuondoi tatizo.

Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia soketi za pini tatu bapa. Pini ya juu, iliyo ndefu zaidi, ndiyo ya ethi, na ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Kwa hiyo mwenye plagi ya pini mbili huchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili apate kuchomeka. Tafadhali acheni. Plagi inakaa nusu nusu, inacheza na kutoa cheche, na mtoto aliyekuona anajifunza kuingiza vitu kwenye soketi, siku nyingine ataingiza msumari. Nunua adapta inayoshika vizuri. Kukata pini ya ethi ili plagi iingie kwenye adapta ndogo nako ni kujiondolea kinga uliyoilipia.

Shoti ikiwa kali, chaja ikilia, ikinuka au ikiwa ya moto usiyoweza kuishika, iache kabisa. Unaponunua nyingine, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, soma lebo: volti zilingane na za chaja ya zamani, ampea zilingane au zizidi. Chaja nyepesi mno yenye maandishi yaliyofifia, irudishe mezani kwa muuzaji. Waya uliochubuka hautibiwi kwa selotepu. Umeme ukikatika, chomoa, subiri urudi na utulie ndipo uchomeke. Radi ikianza, chomoa pia.

Tachipadi imeinuka, au mfuniko haufungi sawasawa

Hii ndiyo dalili ninayoomba usiipuuze hata kama mashine inafanya kazi vizuri. Betri ya lithiamu ikizeeka au ikipata joto kupita kiasi, gesi inajaa ndani na betri inavimba. Inasukuma tachipadi juu, kibodi inapinda, mashine ikikaa mezani inayumba. Zima. Chomoa chaja. Usikandamize mfuniko ufunge, na usilale nayo kitandani. Iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia, mpaka uifikishe kwa fundi.

Fundi akikuambia ataitoboa itoe hewa kisha airudishe, chukua mashine yako uondoke. Betri iliyotobolewa inaweza kuwaka palepale. Ya zamani usiitupe jalalani, kwa sababu taka zetu huchomwa. Mwachie fundi anayepeleka betri kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Ikianza kutoa moshi, toka chumbani na uwatoe wengine. Moshi wake ni sumu.

Ili mpya idumu, iepushe na joto, na kama mashine yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe ikiwa unashinda umechomeka.

Umebadilisha yote na bado unaumwa

Nenda hospitali bila kusubiri kama mkono unaishiwa nguvu au unaangusha vitu, au kama jicho limepoteza uwezo wa kuona ghafla. Vivyo hivyo kama maumivu ya kiuno yanashuka miguuni pamoja na ganzi sehemu za siri, au umeanza kushindwa kuzuia haja. Hali hiyo ya mwisho ni ya dharura, ya saa na si ya siku.

Kwa maumivu ya kawaida yaliyokaa wiki kadhaa, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda na maelezo kamili: vidole gani, saa ngapi yanaanza, usiku yanakuamsha au la, wikendi yanapungua au la. Chukua na picha. Mwombe mwenzako ofisini akupige kwa ubavuni, mchana wa saa tisa, ukiwa umezama kwenye kazi na hujajinyoosha kwa ajili ya kamera.